Joho Moja la Jamhuri ya Chembe

Uvumi ulimfika Mama Nakijwa sokoni, mbele ya fungu la vitunguu, na haukupiga hodi. Bi Chausiku, muuza vitunguu, alikuwa akimchagulia vile vyenye maganda makavu, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua:

"Wanasema huko Chembe nchi nzima ina joho moja."

"Joho gani?"

"Hilo wanalovaa wasomi siku ya kuhitimu. Moja tu, shoga yangu. Dereva wa lori la chumvi kasema kaliona kwa macho yake limeanikwa uani. Asiyelivaa hahitimu, na foleni yake haisogei."

Mama Nakijwa akacheka. Alicheka mpaka akasahau mwavuli wake pale pale kwenye vitunguu. Alipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimekwisha, lakini uvumi ulikuwa bado upo. Akakata kitambaa, uvumi upo. Akasonga ugali, uvumi upo. Jumapili akaenda kanisani kuukimbia, na mchungaji, kwa bahati mbaya, akahubiri juu ya kanzu isiyokuwa na mshono. Mama Nakijwa akatoka kabla ya sadaka.

Ieleweke mapema kwamba Jamhuri Tukufu ya Chembe ni nchi yenye heshima zake, na hapa hakuna anayetaka kuisema vibaya. Ni ndogo, hilo kweli. Mlinzi wa mpaka wa mashariki akiishiwa kiberiti humpigia kelele mlinzi wa mpaka wa magharibi, na kiberiti hurushwa juu ya paa la Ikulu. Haina mto, haina mgodi, wala haina ardhi ya kuwatosha mbuzi wawili waliogombana. Lakini ina vyuo vikuu kumi na saba. Wakubwa wake waligundua zamani kwamba nchi isiyo na cha kuchimba inaweza kuchimba watoto wa wenzake, tena bila jembe.

Nakijwa, mtoto pekee wa Mama Nakijwa, alikwenda huko kusomea udaktari wa miaka minne. Huu ulikuwa mwaka wa sita. Alikuwa amenaswa na wakala mmoja mwenye viatu vinavyolia, aliyepita nyumba hadi nyumba na kitabu cha picha zinazong'aa. Vyuo vya nyumbani vilisema alama za mtoto zimepungua kidogo. Wakala akasema Chembe alama hazipungui kamwe, kwa sababu hawaziangalii. "Wao wanaangalia moyo, mama," alisema, na viatu vikalia kuunga mkono.

Mama Nakijwa aliishia darasa la saba. Hakujua Kilatini wala jina la mfupa wowote. Lakini kwa miaka ishirini alikuwa ameshona sare za shule na majoho ya kwaya, na mshono aliusoma kama wengine wasomavyo gazeti. Basi Jumapili hiyo akatoa kwenye sanduku picha ya Nakijwa, aliyopigwa wiki ya kwanza tu kufika Chembe, kavaa joho jeusi. Akaenda kwa jirani yake, Mama Yonazi, ambaye mwanawe alimfuata Nakijwa mwaka mmoja baadaye katika chuo kingine kabisa, akaazima na ya Yonazi. Akaongeza kitabu cha wakala.

Picha tatu, vyuo vitatu. Kwenye mkono wa kushoto wa joho, alama ya kuungua iliyochongoka kama ncha ya pasi. Kwenye pindo, uzi mweupe juu ya kitambaa cheusi, mshono wa mtu mwenye haraka na asiye na haya.

"Mama Yonazi, njoo uone. Joho ni lile lile."

"Majoho yote si meusi?"

"Na yote yaliungua na pasi mahali pamoja?"

Mama Yonazi akakunja midomo. "Wewe macho yako ya cherehani yatakuua. Sikiliza barua ya mwanangu ya juzi." Akaisoma kwa madaha: "'Mama mpendwa, masomo yanakwenda vizuri na chakula ni kitamu, hata wewe ungekula ukaacha kunisema.' Hayo ni maneno ya mtoto mwenye shida?"

Mama Nakijwa maneno hayo aliyajua. Yalikuwa kwenye barua ya Nakijwa ya kwanza, ile aliyoisoma kwa sauti mbele ya akina mama wa kikundi, mpaka watatu kati yao wakamwita wakala. Na tena, Nakijwa ndiye mtoto aliyesemwa kwa kudonoa chakula. Yonazi, tangu azaliwe, mama yake hajawahi kumsema hata alipochoma banda la kuku.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo fundi cherehani peke yake angeweza kulifanya, na ni vigumu kumlaumu. Alidhani tatizo ni upungufu wa majoho.

Akatoa yadi nne za tetroni nyeusi, akaketi kwenye mashine. Alishona joho la heshima, mabega yamekaa, mikono mipana. Uzi mweusi ulimwishia karibu na mwisho wa pindo, akamalizia shibiri mbili kwa uzi wa bluu wa sare za shule. Nani atatazama pindo? Akalikunja, akalitia kwenye kikapu, akaenda kumtafuta mwanawe.

*

Kituo cha mpaka cha Chembe kilikuwa chumba kimoja chenye madirisha mawili, la kuingilia na la kutokea. La kutokea lilikuwa limepigiliwa misumari, na kwenye kizingiti chake kuku alikuwa ametaga.

Ofisa aliyekuwepo aliitwa Daktari Kizingiti. Chembe kila mtumishi wa serikali ni daktari wa kitu. Hata anayefagia pale alikuwa na Shahada ya Uzamivu ya Vumbi, na kwa sababu ya elimu hiyo hakuligusa.

"Mama, umebeba silaha, mbegu au mnyama?"

"Nimebeba joho."

Kalamu ikamdondoka Daktari Kizingiti.

"La nani?"

"La mwanangu, Nakijwa, yuko kwenu kwenye udaktari. Nasikia mnalo moja, baba, nikaona nisaidie."

Daktari Kizingiti akalitoa kwenye kikapu kwa vidole viwili, kama mtu anayemtoa nyoka. "Mama, unajua ukimvika hili atahitimu?"

"Ndiyo nilivyokusudia."

"Na akihitimu?"

"Tunarudi nyumbani."

"Na wenzake nao wakihitimu?"

"Si warudi kwao?"

Daktari Kizingiti akatazama nje. Kwa dirisha lile nchi nzima ilionekana, kuanzia Ikulu mpaka mbuzi wa mwisho. "Sasa mama," akasema taratibu, "sisi tutabaki tunamtawala nani?"

Darasa la saba hawafundishi hilo.

Akaandikiwa kosa la Kuingiza Elimu Nchini bila Kibali. Joho likafungwa kwa kamba, likapigwa lakiri, likaitwa Kielelezo Namba Moja, likaundiwa kamati ya wajumbe saba. Daktari Kizingiti alikuwa ameshainua mhuri ili amgongee mama ruhusa ya kuingia, mara redio iliyokuwa rafuni ikakohoa, ukaanza wimbo wa taifa.

Ofisa akakauka. Mhuri hewani, mdomo wazi, macho mbele. Nje, mfagiaji kakauka. Mlinzi wa mashariki kakauka, wa magharibi kakauka, na kiberiti kilichokuwa angani kikaanguka peke yake bila wa kukidaka. Inzi alitembea kwenye pua ya Daktari Kizingiti kutoka upande mmoja hadi wa pili, akarudi. Wimbo ulikuwa na beti kumi na tisa. Ubeti wa kumi na nne ulikuwa ukiishukuru taa ya barabarani, kwa kuwa ilikuwa moja. Mama Nakijwa alingoja mpaka ubeti wa tatu, akaona atachelewa bure, akakaa kwenye benchi akashona kifungo cha blauzi yake.

Wimbo ulipokwisha mhuri ukashuka: pa.

"Samahani mama. Ukiuanza lazima uishe, na raia akitikisika ni kifungo cha miaka saba."

"Na mimi nilitikisika, baba. Nimeshona kifungo."

"Wewe mgeni. Sheria haikuwataja wageni. Wimbo si wenu."

*

Vyuo vikuu vyote kumi na saba vilikuwa ndani ya ghala moja la zamani la karanga, ghorofa mbili. Kila mlango chuo. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Chembe Mashariki kilitazamana na Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Chembe Magharibi, na katikati palikuwa na ndoo ya maji ambayo ilikuwa Taasisi ya Bahari.

Nakijwa alitokea kwenye mlango uliokuwa chini ya ngazi. Mama yake alimtambua kwa mwendo kwanza, maana uso ulikuwa umebaki macho. Walikumbatiana, na mama akapima kwa viganja, kama apimavyo wateja, akajua mtoto amepungua inchi nne kiunoni.

"Nani kakwambia uje?"

"Vitunguu," alisema mama. "Hiyo kadi shingoni inasemaje?"

Nakijwa akaifunika kwa mkono, lakini mama alikuwa ameshaisoma: *Mhariri Msaidizi, Idara ya Barua kwa Wazazi.*

"Mwanangu. Si ulikuja udaktari?"

"Ukifika mwaka wa tano unapewa kazi, Mama. Kila mtu anapewa." Nakijwa alisema huku anatazama sakafu. "Ile barua ya kwanza niliandika mwenyewe, ya kweli, nilikuandikia wewe. Chakula wiki ile kilikuwa kizuri kweli. Wakaisoma wakaipenda. Wakaniambia niwe nabadilisha jina tu."

"Umeandika ngapi?"

"Mama, usiniulize."

"Ya Yonazi umeandika wewe?"

"Ya Yonazi naandika kila mwezi."

Mama Nakijwa akatafuta pa kukaa. Palikuwa na kitanda kimoja ukumbini, na juu yake mzee mnene, mwenye afya, anakula ndizi.

"Kaa hapo miguuni, dada yangu," alisema mzee. "Leo ni siku ya moyo, miguu haiumwi."

Huyu alikuwa Mzee Nyondo, Mgonjwa wa Taifa. Chembe haikuwa na hospitali, kwa sababu wananchi walipougua walivuka mpaka. Lakini chuo cha udaktari kisicho na mgonjwa kingechekwa, kwa hiyo serikali iliajiri mmoja. Mzee Nyondo alikuwa ameugua kwa miaka kumi na saba mfululizo bila siku ya utoro. Jumatatu malaria, Jumanne moyo, Jumatano uzazi. Alhamisi alipumzika. Alipokwenda likizo mitihani iliahirishwa. Wanafunzi walipompapasa vibaya aliwanong'oneza: "Ini liko huku, mwanangu, hiyo unayobonyeza ni figo." Kwa kifupi, alikuwa ndiye mhadhiri pekee.

"Mzee," aliuliza Mama Nakijwa, "huyu mtoto atatoka lini?"

"Kabakiza fomu moja."

"Basi aijaze!"

"Kaijaza. Inatakiwa sahihi ya aliyehitimu mwaka uliopita." Mzee Nyondo akamenya ndizi nyingine. "Mwaka uliopita hakuhitimu mtu. Naye wa mwaka uliopita alikuwa anasubiri wa mwaka juzi. Wote wamebakiza fomu moja, dada. Nchi nzima hii imebakiza fomu moja."

"Na joho?"

"Joho lipo kwa Profesa Tambo, na pasipoti za wanafunzi zimo kwenye droo yake. Sheria inasema aliye ndani ya joho wakati wimbo wa taifa unaimbwa, beti zote kumi na tisa, huyo amehitimu, na hakuna wa kumnyang'anya. Bila wimbo ni picha tu. Ndiyo maana picha wanapiga mia na wimbo hawapigi hata mmoja. Mara ya mwisho alivaa mtoto wa Profesa mwenyewe, na huyo alikuwa hajaja shule, alipita tu kuleta chakula."

"Na wimbo lazima uanze redioni?"

Mzee Nyondo akaacha kutafuna. Akainua macho kwenye ukuta mkabala wa kitanda, palipobandikwa maneno ya wimbo kwa herufi kubwa. Alikuwa ameyatazama kwa miaka kumi na saba, kutwa.

"Sheria," alisema polepole, "haikusema uanziwe wapi."

*

Kesho yake serikali ilipata msiba. Wageni watatu walikuwa wanakuja kutoka nchi kubwa zaidi kidogo, kuangalia kama shahada za Chembe zinaweza kutambuliwa. Profesa Tambo alikuwa Waziri wa Wanafunzi wa Kigeni na Makamu Mkuu wa vyuo vyote kumi na saba, kwa hiyo mikutano alijiitisha mwenyewe, akachelewa mwenyewe, akajisamehe. Asubuhi hiyo alilijaribu joho ili apigwe picha ya kuwapokea wageni. Joho likapasuka mgongoni, kutoka shingo hadi kiuno.

Chembe nzima akatafutwa fundi. Walipatikana maprofesa wanane wa Historia ya Sindano. Mmoja wao alilia alipoonyeshwa sindano yenyewe, kwa kuwa alikuwa hajawahi kuiona kwa karibu.

Ndipo Daktari Kizingiti alipomkumbuka yule mama wa kikapu.

Mama Nakijwa aliingizwa ofisini kwa Profesa Tambo, chumba kikubwa kuliko vyote mle ghalani, chenye mlango uliotazamana na kitanda cha Mgonjwa wa Taifa. Profesa alisimama, akaweka mkono kifuani, akahutubia watu wawili kama uwanja mzima:

"Mama mzazi! Taifa hili, ambalo ukubwa wake haupimwi kwa hatua bali kwa upeo, limekuangalia wewe! Vazi hili si vazi. Vazi hili ni paa la fikra, ni nanga ya maarifa, ni—"

"Limepasuka," alisema Mama Nakijwa.

"Limepasuka," alikubali Profesa Tambo, akakaa.

"Nitashona. Ila nishonee kwenye mwili wa mtu, lisije likakaa upande. Wewe baba huenei. Niitieni Nakijwa, yeye mwili wake naujua tangu tumboni."

Profesa Tambo akafikiri. Alitazama redio yake, imezimwa. Alitazama mlango, mlinzi yupo. Akaona hakuna hatari. "Avae kwa kupimiwa tu. Akivaa bila wimbo, si kitu."

"Si kitu, baba. Sisi hatujui mambo hayo."

Nakijwa akaja, akavishwa. Mama akapiga magoti nyuma yake, akaanza kushona, na jambo ambalo Profesa hakuliona ni kwamba hakuwa akishona mpasuko peke yake. Alishona joho na gauni la ndani pamoja, kuanzia shingoni, kwa uzi wa mara mbili, mshono wa gunia. Vazi lile sasa lingevuliwa kwa mkasi tu.

"Mama, unanichoma," alinong'ona Nakijwa.

"Vumilia. Nilikuvumilia saa kumi na nane."

Nje zikasikika sauti za wageni watatu wakiingia ghalani. Profesa Tambo akasimama, akanyoosha tai. "Tosha, tosha, avue upesi!"

Mama Nakijwa akakata uzi kwa meno. Akageuka mlangoni, akakohoa mara moja.

Na kutoka kitandani, kwa sauti nzito isiyo na ugonjwa wowote, Mzee Nyondo akaanza ubeti wa kwanza.

Profesa Tambo akakauka mkono ukiwa kwenye tai. Mlinzi kakauka. Maprofesa wote kwenye milango kumi na saba wakakauka, wakaupokea wimbo kwa midomo tu, ukatoka ghalani ukashika uani, ukashika Ikulu, ukashika mipaka. Nchi nzima ikasimama kama picha.

Mama Nakijwa akamsogelea Profesa. "Samahani, baba," alisema kwa adabu, akafungua droo mbele ya tumbo lake. Pasipoti zilikuwa humo, zimefungwa kwa mipira kama mboga. Akachagua ya mwanawe. Akachagua na ya Yonazi. Macho ya Profesa yalimfuata kulia, yakamfuata kushoto; viungo vingine vyote vilikuwa mali ya taifa.

Wageni watatu waliwakuta mlangoni, mama na binti aliyevaa joho, na nyuma yao nchi iliyosimama wima ikiimba. Wakapiga makofi. Mmoja akaandika kwenye daftari lake: *Nidhamu ya hali ya juu.*

Ubeti wa saba walimkuta Yonazi uani, kakaa kwenye foleni pamoja na wenzake kama mia mbili, wageni wote, hakuna aliyezuiwa na wimbo. Kila mmoja ana bahasha ya fomu mapajani.

"Yonazi! Inuka, pasipoti yako hii hapa. Mpaka uko wazi, twende kwa mama yako."

Yonazi aliitazama pasipoti, akaitazama bahasha.

"Shikamoo, Mama Nakijwa. Siwezi sasa hivi. Nimebakiza fomu moja."

"Hakuna fomu, mwanangu! Wanakudanganya, inuka!"

"Nikiinuka nitapoteza nafasi yangu." Akasogea kidogo, kwa kuwa aliyekuwa mbele yake alikuwa amesogea kidogo kukwepa jua. Uso wake ukang'aa. "Unaona? Inakwenda."

Mama Nakijwa akamvuta mkono. Mkono haukuja. Ubeti wa kumi ukaanza, wa kumi na moja. Nakijwa alikuwa analia. "Mama, beti zinaisha. Mama!"

Akamwekea pasipoti juu ya bahasha, wakakimbia.

Walimpita Daktari Kizingiti, kakauka akiwa ameinama kuokota yai kwenye dirisha la kutokea. Wakaruka juu yake, samahani baba, wakatokea kwenye dirisha la kuingilia. Ubeti wa kumi na tisa ulimkuta Nakijwa nchi jirani, lakini ulisikika vizuri. Kwa sheria za Chembe, binti yule alikuwa daktari.

*

Nyumbani, daktari alifika, akavuliwa joho kwa mkasi, akala, akalala siku mbili. Siku ya tatu jirani alikuja anamletea mtoto mwenye homa. Nakijwa alimtazama mtoto, akatazama mikono yake mwenyewe.

"Najua kuumwa kwa Mzee Nyondo tu," alisema. "Mpelekeni zahanati."

Mwaka huo huo akaanza tena, uuguzi, chuo cha karibu, kwa alama zile zile walizosema zimepungua. Akiitwa daktari kwa utani anatoka chumbani.

Kwa Mama Yonazi ilikuwa shida. Mama Nakijwa alikwenda na habari yote, tangu vitunguu mpaka bahasha. Mama Yonazi alisikiliza huku anapepeta mchele, akapepeta mpaka ukaisha.

"Wako kapata shahada, umemleta. Wangu unataka arudi mikono mitupu. Huo si wivu, Mama Nakijwa?"

"Barua zake anaandika Nakijwa! Alikuwa anaandika Nakijwa!"

"Basi mbona mwezi huu nimepata?"

Na kweli alikuwa amepata. *Chakula ni kitamu, hata wewe ungekula ukaacha kunisema.* Wamempa mtu mwingine kalamu.

Miezi minne baadaye Mama Yonazi alikuja dukani kwa Mama Nakijwa anakimbia, kanga mkononi, vigelegele vimetangulia. "Haya, mwenye macho ya cherehani! Tazama basi!" Ilikuwa picha, karatasi inang'aa. Yonazi, kakonda, anatabasamu, kavaa joho jeusi jipya, mabega yamekaa. Chini imeandikwa: *Jamhuri ya Chembe, sasa inatambulika.* "Hili nalo limeungua na pasi? Eh? Sema!"

Mama Nakijwa akaipokea picha. Joho halikuwa limeungua. Aliisogeza picha dirishani, akatazama pindo. Uzi mweusi, mshono uliotulia, na mwishoni, kwenye shibiri mbili za mwisho, bluu ya sare za shule.

Kielelezo Namba Moja. Kamati ya wajumbe saba ilikuwa imemaliza kazi.

"Kapendeza," alisema Mama Nakijwa, kwa sauti iliyotoka mbali.

Mchana ule ule viatu vilisikika vikilia mtaa wa pili. Wakala alikuwa amerudi na kitabu kipya, jalada lenye picha ya Yonazi, na watoto wanne wa shule walikuwa wanamfuata nyuma. Mama Nakijwa akaacha sare aliyokuwa anashona. Akachana karatasi ya kukatia mitindo, akachukua chaki, akaona chaki itafutika, akachukua kalamu. Aliandika kwa herufi za darasa la saba, kubwa, akabandika kwenye mlango wa duka. Karatasi ipo mpaka leo, na inasomeka hivi:

WAZAZI WENZANGU, EPUKENI HAYA

Chuo kinachompiga mtoto picha ya kuhitimu wiki ya kwanza.

Nchi ambayo dirisha la kutokea limepigiliwa misumari. Nendeni mkalitazame kwanza.

Wakala asiyeangalia alama.

Barua ya mtoto isiyomkosoa mtu wala kuomba kitu. Mtoto wa kweli huomba hata sabuni.

Barua ya mtoto wako ambayo jirani naye anayo.

Chuo cha udaktari chenye mgonjwa mmoja, hata akiwa mtu mwema. Mzee Nyondo, kama unasoma, asante.

Kusoma barua ya mwanao kwa sauti mbele ya wenzako kabla hujaenda kumwona. Mimi nilisoma. Watatu walinisikia.

Neno "nimebakiza fomu moja." Ukilisikia, usingoje barua nyingine. Nenda.

Joho jeusi zuri, pindo lake linamalizikia kwa uzi wa bluu. Hilo nimelishona mimi, nikimtafuta mwanangu. Halijamrudisha mtoto wa mtu.